Chai Iliyongoja Neno

Nyumbani kwa Mwalimu hukunywa chai kwa sababu tu imemiminwa. Iliwekwa mbele yako, mvuke ukapanda, nawe ukatuliza mikono magotini mpaka yeye amalize kufunga chupa ya chai, aketi, akutazame machoni na kuuliza: "Tunywe?" Ulipaswa kujibu kwa sauti, "Tunywe." Kutikisa kichwa hakukutosha, wala kutabasamu. Mamangu aliingia pale mara ya kwanza akitoka shifti ya shamba la maua, na kiu yake yote, akanyakua kikombe na kupiga funda kabla hajaulizwa. Mwalimu aliinuka akaenda jikoni, akakaa huko mpaka mama akaondoka bila kuagwa.

"Huyo mwalimu ako na wazimu ya chai," mama alituambia akivua gumboots mlangoni.

Kesho yake Mwalimu alikuja kwetu na mkate mzima wa siagi, akaomba msamaha kwa maneno mengi mazuri bila kueleza kosa lilikuwa lipi. Wakawa marafiki tangu siku hiyo. Mama naye akajifunza kungoja.

Tuliishi ploti moja Kitengela, miaka ya tisini, wakati pundamilia walikuwa bado wanafika kujikuna kwenye nguzo za ua na upepo wa uwandani ulikuwa unaingiza vumbi hadi kwenye sukari. Nyumba zilikuwa za mawe, mstari mmoja. Yake ilikuwa ya mwisho, na mlango wake ulitazama barabara ya Namanga. Baadaye nilipoenda shule ya upili ya wasichana huko Kajiado nilimkuta darasani, akifundisha fasihi ya Kiingereza, kwa hiyo nikawa naye mwaka mzima, shuleni na likizoni, na sikuwa na pa kujificha. Jina lake sitalitaja, na ukoo wake siuelezi. Wenyewe walijieleza vya kutosha. Inatosha kujua kwamba walikuwa watu wa Ngong, wenye mashamba na maduka, babake mzee wa kanisa, na kwamba walipokuja kumtembelea walifuta viti kwa leso kabla ya kukaa.

Alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na alitembea haraka hata kama haendi popote. Alipenda kukosoa methali. Ukimwambia kimya kingi kina mshindo mkuu, alijibu papo hapo, "Muongo. Kimya ni kimya." Ukimwambia mvumilivu hula mbivu, alikuuliza umemwona wapi, na alikula ngapi. Hakusahau jina la mwanafunzi hata mmoja, lakini funguo zake alizipoteza kila wiki, nasi watoto wa ploti tukalipwa mandazi kuzitafuta. Aliogopa radi. Mvua kubwa ikianza alikuja kwetu na mwavuli, akakaa katikati ya kitanda cha mama, akatufundisha tahajia mpaka ikatike.

Kila mwaka, kidato cha tatu, alisomesha riwaya moja ambayo haikuwa hata kwenye mtihani wa taifa. Ilikuwa hadithi ya zamani ya ng'ambo, ya matajiri wa magari ya farasi na glavu nyeupe. Mwanamume wa nyumba kubwa anampenda mwanamke ambaye watu wake hawamtaki, mwanamke naye anampenda, na mwisho hawaoani. Nakala zilikuwa chache, zimeshikizwa kwa gundi na uzi, na tulisoma wanne wanne kwenye dawati moja. Tulidhani tutachoka. Wapi! Nani asiyewajua wale watu? Nyumba ambayo watu wanaangalia viatu vyako kabla ya uso wako tuliijua. Harusi inayopangwa na shangazi tuliijua pia. Tulilia kwa hadithi ya watu waliokufa zamani, wenye theluji mlangoni, na theluji yenyewe hakuna aliyewahi kuiona.

Ukimaliza kusoma uliandika insha. Swali lilikuwa lile lile kila mwaka: Ni nani aliyewatenganisha? Na kila mwaka darasa zima liliandika jibu moja, kwamba ni jamii. Tuliliandika kwa ufasaha, kwa aya ndefu, tukitaja mama, mashangazi, kanisa na mali. Hakuna aliyewahi kupata zaidi ya nusu ya alama.

Nashipae, aliyekuwa mkali wetu wa fasihi, siku moja hakuvumilia. "Mwalimu, be fair. Wangefanya nini? Watu wote walikuwa against them."

Mwalimu alipokasirika Kiingereza kilimtoka, akabaki na Kiswahili. "Watu wote ni wangapi? Nitajie mmoja. Nitajie mmoja aliyemshika yule mwanaume mdomo."

"Hakuna aliyemshika, lakini—"

"Basi andika tena."

Aliandika tena, akapata alama zile zile. Tulisema Mwalimu ana roho mbaya. Tulisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba tunajua kwa nini hadithi hiyo inamuuma.

Kwa maana habari zake zilikuwa zimetufikia. Hakuna siri inayokaa kwenye ploti yenye choo kimoja na bomba moja. Kila siku ya soko la mifugo Kitengela, mzee mmoja alipita kwa Mwalimu asubuhi akielekea sokoni. Alitoka boma lake nje ya Kisaju, akiendesha pikapu ya zamani iliyokohoa kila ilipozimwa. Sisi tulimwita Mzee wa Maziwa. Alikuwa daktari wa ng'ombe wa serikali, mrefu, koti kuukuu juu na shuka juu ya koti, na mkononi kibuyu cha maziwa mabichi. Alisimama nje ya kizingiti.

"Takwenya," alimsalimu, salamu ya Kimaasai kwa mwanamke.

"Iko," Mwalimu aliitika.

Akapokea kibuyu, akarudisha kile cha wiki iliyopita kikiwa kimeoshwa. Wakaongea kuhusu mvua, kuhusu watoto wa mzee na karo zao, kuhusu simba aliyekula kondoo wa fulani. Halafu mzee akaenda. Miaka yote hiyo sikumwona akivuka kizingiti, na sikumwona Mwalimu akimkaribisha. Alikuwa na mke na watoto wakubwa, na mke mwenyewe ndiye aliyefukiza kibuyu kwa mkaa wa mzeituni, ndipo maziwa yakawa na ule moshi. Ndugu zake Mwalimu wakileta maziwa ya pakiti kutoka Ngong, aliyagawa kwetu watoto. Chai yake yeye lazima iwe na moshi.

Hadithi ilivyozunguka ploti ilikuwa hivi. Walipokuwa vijana, yule mzee alikuja Ngong na wazee wake kumposa. Kwa watu wa Mwalimu, wageni wa posa hukaribishwa kinywaji, zamani ilikuwa pombe ya muratina, lakini hakuna anayekigusa mpaka baba amuulize binti mbele ya wote: je, tunywe cha hawa watu? Binti akisema ndiyo, wakinywa, basi neno limefungwa. Asiposema, hakuna posa. Kwa kuwa baba alikuwa mzee wa kanisa, waliweka chai. Na baba, walisema watu, hakumuuliza. Alizungumza habari za shamba na za kanisa mpaka chai ikafunga utando. Hakumtaka Mmaasai nyumbani mwake na hakutaka kumtukana, kwa hiyo akaacha chai imtukanie.

Kosa likafanywa na kijana. Kwao binti haulizwi chochote, yako baina ya wazee, na kuacha kinywaji cha mwenyeji kipoe ni dharau. Kwa hiyo, kwa heshima zake zote, aliinua kikombe akanywa peke yake. Wazee wa Ngong waliona mtu amekunywa chai ya binti asiyepewa, wakavaa kofia zao. Ndivyo ilivyoisha. Kijana akaozwa baadaye na wazee wake. Mwalimu aliletewa mtoto wa mfanyabiashara na mtoto wa mchungaji, akawakataa wote wawili, akaomba uhamisho wa kazi kuja Kajiado.

Mwalimu mwenyewe alitusimulia hivyo tulipokuwa kidato cha nne, akisema ni msichana fulani wa zamani. "Babake hakumuuliza," alisema, akaanza kufuta ubao ambao haukuwa umeandikwa kitu. Tulimchukia yule baba. Nilimchukia mimi kama aliyenikosea mwenyewe, na alikuwa amekufa kitambo.

Lakini ningesema uongo nikimchora Mwalimu kama mtu aliyewapinga wakubwa. Alikuwa mmoja wao. Kanisani Kitengela alikuwa mwenyekiti wa akina mama, na hakuna harusi iliyopita bila kamati yake. Alipima marinda ya wanakwaya kwa macho. Alijua nani akae meza ya mbele na nani ahudumiwe baadaye. Kulikuwa na dada mmoja, nesi, aliyetaka kuolewa na fundi wa kuchonga mawe kutoka machimbo, kijana mpole asiye na watu. Nesi alikuja kwa Mwalimu akiamini amefika mahali salama.

"Mwalimu, akina mama watanisaidia? Hata kama ni maombi tu."

"Tungoje tusikie familia yako wanasema nini," Mwalimu alijibu.

Nilikuwa pale naosha vyombo. Nesi aliangalia chini, akasema asante, akatoka. Wiki hiyo sikumwamkia Mwalimu. Jioni moja aliniita dirishani akauliza nimekula nini mpaka nimenuna, nikamwambia wazi kwamba angemsimamia yule dada. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwende, wewe hujui macho ya watu vile yako na uzito," akafunga dirisha. Nesi na fundi wake walioana kwa mkuu wa wilaya, na wanaishi vizuri mpaka leo, watoto wanne.

Mke wa Mzee wa Maziwa alifariki miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Mwalimu alikwenda maziko na akina mama wa kanisa, akaongoza wimbo. Baada ya hapo ploti nzima ilianza kuhesabu vipindi vya mvua. Mama alisema mtu mzima huomboleza polepole, tusiharakishe. Kibuyu kiliendelea kuja, sasa kikifukizwa na mke wa mwanawe. Mzee aliendelea kusimama nje. Babake Mwalimu hayuko, mke wa mzee hayuko, wazee wa kofia wameshakwisha. Sisi wanawake wa bombani, kwa maana nami nilikuwa nimeshakua, hatukuona kilichobaki kuwazuia.

Jumamosi moja alikuja bila kibuyu. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo, nikimsaidia Mwalimu kupika chapati kwa sababu akina mama wa kanisa walikuwa na mkutano kwake. Pikapu ilikohoa ikanyamaza. Mzee alikuwa amenyoa, koti limefuliwa. Akasema takwenya, akaitikiwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akavua kofia, akainama kidogo chini ya mlango, akaingia. Nilibaki na mwiko hewani.

Mwalimu alimimina chai. Kidogo ikamwagika kwenye kisahani. Akaketi. Hakuuliza. Nikaona kupitia mlango wa jikoni jinsi mzee alivyoweka mikono magotini, kama sisi tulivyofundishwa, asiguse kikombe. Alikuwa amejifunza, hata kama ilimchukua maisha yake yote. Ndipo akauliza yeye, kwa Kiswahili, taratibu:

"Mwalimu. Tunywe?"

Nje, lango la ploti likafunguliwa. Akina mama walikuwa wanaingia, vitambaa vyeupe kichwani, wakicheka na kuitana. Mwalimu aligeuka akaangalia dirishani. Niliona shingo yake tu.

"Chapati zinaungua," akasema, akainuka, akaja jikoni.

Hazikuwa zinaungua. Nilikuwa nimezigeuza mimi mwenyewe. Alisimama kando yangu, uso kwenye ukuta. Akina mama walijaza nyumba, wakamsalimu mzee kwa heshima kubwa, pole nyingi kwa msiba, karibu sana daktari. Mzee aliwaitikia mmoja mmoja. Halafu akachukua kofia yake, akatoka. Kikombe chake kilibaki kimejaa. Mwalimu alikiondoa yeye mwenyewe kabla ya maombi ya kufungua mkutano.

Mzee hakuacha kuleta maziwa, lakini hakuingia tena. Miaka michache baadaye pikapu haikuja siku ya soko, wala ya pili. Alikuwa ameugua kifua, akapelekwa hospitali, akarudishwa boma akazikwa. Kwenye maziko Mwalimu aliketi hemani kwenye viti vya marafiki wa familia. Mshereheshaji akamwomba aseme machache. Alisimama, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasema kwamba alimjua marehemu kwa miaka mingi kama mtu mwaminifu wa kumletea maziwa. Akakaa. Mimi niliondoka nikaenda nyuma ya magari nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Mara ya mwisho nilipomtembelea alikuwa amestaafu na kujenga nyumba ndogo Kisaju, kwenye kipande cha ardhi kinachopakana na malisho ya boma la marehemu, ambako bado alichukua maziwa yake. Ndugu zake walisema amezeeka vibaya, kwa nini akae huko peke yake na fisi. Nilifika mchana, mtoto wangu mdogo mgongoni amelala. Kitengela tuliyoijua ilikuwa imejaa maghorofa, lakini huko uwanda ulikuwa bado wazi, na kimya chake kilikuwa kinanitia baridi. Mwalimu alikuwa amekonda. Kabla hatujakaa alinyanyua kidole.

"Hiyo gari imesimama?"

Nilisikiliza. "Hakuna gari, Mwalimu."

"Imezimwa," akasema. "Inakohoa hivyo ikizimwa."

Nilitazama barabarani kwa ajili yake. Hapakuwa na kitu ila mbuzi wa mtu.

Alimimina chai vikombe vitatu. Kimoja changu, kimoja chake, na cha tatu akakiweka upande wa mlangoni. Sikuuliza. Aliketi, nami nikaweka mikono magotini nikingoja swali. Hakuliuliza. Alitazama mvuke.

"Baba aliniuliza," akasema.

Sikumwelewa mara moja.

"Watu wanasema hakuniuliza. Mimi ndiye nilisema hivyo, wakaamini, nikawaacha. Aliniuliza, Mwende. Mbele ya wote. 'Mwanangu, tunywe chai ya hawa wageni?' Mimi kimya. Akarudia. Kimya. Mara ya tatu alisogeza kiti karibu na mimi, akaongea polepole vile alikuwa ananiongelesha nikiwa mgonjwa. Alikuwa anataka niseme ndiyo. Hiyo ndiyo sehemu siwezi kumaliza. Alikuwa amekubali."

"Na wewe?"

"Niliangalia viatu vya wazee. Viatu vyote viling'aa. Nikaangalia mashangazi na kofia zao, nikaona vile watasema jioni, na kesho, na Jumapili. Mdomo ukakataa. Yule kijana wa watu akafikiri hiyo ni aibu ya wasichana, akafikiri kimya ni ndiyo, kwao ni hivyo. Akakunywa. Na mimi nilikaa hapo nikamwacha akunywe."

Mtoto wangu alijinyoosha mgongoni. Nilikuwa nimemchukia mtu asiye na hatia tangu ujana wangu, na yeye Mwalimu aliishi na hilo kila siku, akitusahihisha insha.

"Kwenye insha uliandika jamii," akasema, kana kwamba amesoma mawazo yangu.

"Wote tuliandika jamii."

"Ndiyo." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Hata mimi ningeandika hivyo. Na siku ile alikuja amenyoa, hakukuwa na baba, hakukuwa na wazee. Kulikuwa na akina mama wangu tu, wale mimi mwenyewe ndiye mwenyekiti wao. Na bado nikasema chapati."

Chai ilikuwa inafunga utando. Upepo ulisukuma mlango, ukaugusa ukuta, ukarudi. Mwalimu aliangalia kile kikombe cha tatu, nami nikaona kwamba hatauliza, si leo wala siku nyingine, kwa sababu swali halikuwa lake kuuliza. Halijawahi kuwa lake. Alikuwa ametuuliza sisi sote miaka hiyo, watoto, majirani, wanafunzi, akitaka kusikia tu jinsi neno lenyewe linavyotoka mdomoni mwa mtu. Nikakohoa.

"Mwalimu," nikasema, "tunywe?"

Nikadhani nimeharibu. Aliangalia mikono yake, akaangalia mlango, kisha midomo ikaanza kusogea kabla sauti haijafika.

"Ndiyo, baba," akasema. "Tunywe."

Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Akainua kikombe chake kwa mikono miwili, nami nikainua changu, nikanywa. Ilikuwa imepoa kabisa, na ilikuwa na moshi.